Kosa, Dawa, Sifa

Tai ilimshinda Harlan Purvis mara ya tatu, naye akaitukana. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, thelathini na mmoja kati ya hiyo ameitumia kuwafundisha wanaume wazima namna ya kurusha mpira wa besiboli, na bado kitambaa cha shingoni kilikuwa kinamgeuza mtoto mdogo. Akaiacha ining'inie, akakaa kwenye kitanda cha hoteli ya Florida, akampigia simu mkewe nyumbani Louisville.

"Earlene, hiki kidude kinafungwaje?"

"Kidude gani?"

"Tai."

"Harlan, ungekuwa na akili usingekuwa huko unafunga tai. Ungekuwa uwanjani na kofia yako."

"Nimetumwa na klabu, mama. Sikujituma."

"Umetumwa kumsema Lonnie. Lonnie aliyekula mezani kwangu misimu sita, akanioshea na vyombo, anayeniita Mama Earlene."

"Siendi kumsema. Huu ni usuluhishi wa mshahara."

"Wewe uite usuluhishi. Mimi nauita umbea wa kulipwa," Earlene akasema. "Haya, shika upande mrefu kwa mkono wa kulia. Wa kulia, Harlan, ule unaoshikia uma."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Lonnie Broussard, kijana wa miaka ishirini na saba kutoka Louisiana, ndiye aliyekuwa mrushaji namba moja wa klabu ya Wavushaji. Msimu uliopita alishinda mechi kumi na saba, na picha yake ilibandikwa ubavuni mwa jengo la ghorofa tisa. Akaomba alipwe dola milioni sita na laki nne kwa mwaka. Klabu ikasema milioni tano na laki moja, asante sana. Walivutana tangu sikukuu ya mwaka mpya, wasipatane, na wasipopatana wanakwenda mbele ya wasuluhishi watatu. Wasuluhishi hao husikiliza, hulala, kesho yake huchagua: ama cha mchezaji, ama cha klabu. Hakuna kugawa katikati, hakuna kuongeza wala kupunguza hata senti.

Sasa sikiliza uhondo wake. Kwa kuwa hakuna katikati, klabu inalazimika kukaa meza moja na mtu wake yuleyule iliyembandika kwenye ghorofa, na kuthibitisha mbele ya macho yake kwamba hafai sana. Mwezi wa pili wanamchambua kama mchele, mwezi wa nne wanamkumbatia na kumpa mpira wa mechi ya ufunguzi. Watu wa besiboli wameshauzoea utaratibu huo, wanauona wa kawaida kama kulipa kodi. Mimi ningefanyiwa hivyo na wakwe, jamani, mahari ingerudi siku hiyohiyo!

Harlan aliingizwa katika mambo haya na meneja mkuu wa klabu, Grant Oberholt, mwanasheria wa miaka thelathini na minne aliyejua takwimu zote za mchezo na ambaye hajawahi kurusha kitu mbali zaidi ya pipa la taka la ofisini kwake. Alimwita Harlan mwezi wa kwanza, akafunga mlango.

"Kocha, hakuna anayezijua kasoro za Broussard kukushinda wewe."

"Nazijua, bosi. Ndiyo kazi yangu."

"Basi utakuja kuzisema. Kwa dakika kumi tu. Na kuanzia leo, usizungumze naye mpaka mambo yaishe."

Harlan angeweza kukataa. Alikwenda nyumbani akajidanganya kwamba ni afadhali kijana achunwe na mtu anayempenda kuliko achunwe na mgeni. Earlene alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kilichomkaa Harlan rohoni kilikuwa kimoja tu. Kocha hana mali nyingine ila neno lake. Akimwambia mrushaji "bega limeanguka," mrushaji lazima aamini palepale, bila kubisha. Siku Lonnie atakapoacha kumwamini, Harlan atabaki mzee mwenye kofia tu. Na siku hiyo ilielekea kuwa leo.

Lakini kuna jambo la Harlan ambalo Oberholt hakulijua, maana alikuwa hashuki uwanjani. Zamani, Harlan alipokuwa mwenyewe mrushaji katika ligi ndogo huko Arkansas, kocha wake alimwambia asubuhi moja, "Unaangusha bega," akamsukumia uwanjani bila neno la pili. Harlan alisimama juu ya tuta la kurushia, peke yake, watu elfu mbili wakimtazama, kichwani mna bega tupu. Walimpiga siku hiyo, bwana, walimpiga mpaka mzee mmoja jukwaani akaanza kumwombea kwa sauti. Tangu hapo akaapa hatamtuma mtu juu ya tuta na kosa peke yake kichwani. Akajiwekea kanuni: kosa, dawa, sifa. Unamwambia mtu alipokosea, unampa namna ya kurekebisha, unamalizia na jema lake moja, ndipo unamwacha aende. Miaka thelathini na mmoja hakuivunja hata siku moja, na mwisho ikawa haimtoki tena, kama kikohozi. Mkate wa mahindi wa Earlene aliupokea hivi: "Umekauka kidogo. Kesho ongeza maziwa. Ila ukoko wake, mama, ukoko ni wa mashindano." Earlene alishamwonya kwamba akisikia tena neno ukoko atamtupia sufuria. Vijana wa klabu walimuigiza vyumbani: "Kocha, kosa nimepata, dawa nimepata, mbona sifa yangu unanidhulumu?" Yupo hata kijana mmoja aliyefukuzwa kabisa, hajui kurusha wala kudaka, Harlan akamsindikiza mlangoni akihangaika kumtafutia jema, mwisho akamwambia viatu vyake ni visafi.

Huyo ndiye shahidi aliyechaguliwa na Oberholt kwenda kumponda Lonnie Broussard. Tuendelee.

Chumba cha usuluhishi kilikuwa ukumbi wa harusi wa hoteli, wenye zulia la maua na taa za vioo. Meza ziligeuzwa zikatazamana. Kule mbele walikaa wasuluhishi watatu, mwenyekiti wao mama wa makamo mwenye nywele nyeupe na miwani yenye mnyororo. Pembeni palikuwa na kahawa na donati ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa, ila Lonnie. Lonnie alikuwa na mbili kwenye kisahani. Alivaa suti iliyombana mabegani, na alipomwona Harlan akiingia uso ulimchanua.

"Kocha!"

"Mwanangu."

Na kijana wa watu, kwa mguu wake, akakisukuma nje kiti kilichokuwa kitupu kando yake, amkaribishe. Alidhani Harlan amekuja kumsindikiza. Harlan akakitazama kile kiti. Akapita. Akazunguka meza, akakaa upande wa pili, kushoto kwa Oberholt, na tai yake shingoni. Lonnie aliweka donati chini taratibu na kukirudisha kiti mahali pake. Hapo Harlan alitamani zulia lile la maua limmeze.

Upande wa mchezaji ulianza, maana ndio utaratibu. Wakala wa Lonnie, Bwana Bermea, jamaa mfupi mwenye sauti ya kuuzia magari, alizungumza saa nzima. Mechi kumi na saba! Wapigaji mia mbili na kumi na mmoja wametolewa hawajagusa kitu! Kwa jinsi alivyosema, ungedhani Louisville kabla ya Lonnie ilikuwa kichaka. Lonnie alikaa ameinama, masikio yamemwiva.

Kisha Oberholt akasimama, akafungua majedwali yake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma. Broussard huvuja katika kipindi cha kwanza cha mchezo. Broussard hurusha ovyo mwezi wa nne. Wakimbiaji wa timu pinzani wamemwibia Broussard vituo ishirini na tisa, yaani wamekimbilia kituo cha mbele wakati yeye anamrushia mpigaji, na ni warushaji wawili tu katika ligi nzima walioibiwa zaidi. Alisema "Broussard" kila mara, kana kwamba anazungumzia pampu ya maji.

"Na msije mkadhani ni takwimu tu," akamalizia, "tunaye hapa kocha wake wa miaka sita. Bwana Purvis, tuanze na kipindi cha kwanza. Kuna kasoro gani?"

Harlan alisimama. Akakohoa.

"Ni kweli," akasema. "Kijana anaingia mchezoni baridi. Anarusha kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hilo ni kosa, na silifichi."

"Asante," Oberholt akasema. "Twende kwenye..."

"Tukalishughulikia mwezi wa saba," Harlan akaendelea, wala hakumsikia. "Nilimwambia arushe mipira kumi na miwili zaidi kabla ya kuingia, na ya mwisho mitatu airushe kwa nguvu zote. Tangu siku hiyo ameanza mechi kumi na nne, akafungwa kipindi cha kwanza mara mbili tu. Na jema lake, wenzake wakimwangushia mpira uwanjani hajawahi kuwakunjia uso. Nimewaona warushaji wakubwa wakiwakemea wenzao mbele ya watu. Huyu, la. Anawapigia makofi."

Bwana Bermea, upande wa pili, alikuwa ameanza kuandika haraka haraka.

Oberholt alitabasamu kwa meno. "Nilikuomba kasoro, Bwana Purvis."

"Nimekupa kasoro, bosi."

"Basi nipe ya mwezi wa nne, na uishie hapo."

"Mwezi wa nne kuna baridi kwetu Louisville. Vidole vinakufa ganzi, mpira wake wa kupinda haupindi, unakwenda kumnyenyekea mpigaji. Kosa hilo ni kubwa." Harlan akatulia. Oberholt akashusha pumzi. Harlan akafumba macho, akajizuia, akabana midomo, shingo ikamtutumka kwenye kola. Wapi! "Dawa yake aache mpira wa kupinda mpaka jua litoke, atumie ule wa taratibu. Nimeshamfundisha, ameushika ndani ya juma moja, na wengine huwachukua mwaka. Na jema lake, mwezi huohuo wa nne ukucha ulipasuka, kidole kinatoka damu, nikamwambia toka, akaniambia, 'Kocha, wale wa benchi jana wameruka usiku kucha kwa ndege, waache wapumzike.' Akarusha vipindi viwili zaidi."

Mwenyekiti akavua miwani ikaning'inia kwenye mnyororo.

"Bwana Purvis, samahani nikukatize. Wewe ni shahidi wa upande gani?"

"Wa klabu, mama."

"Una hakika?"

Watu wakaangua kicheko. Msuluhishi wa kulia alijikohoza ili aonekane hacheki. Hata Lonnie mdomo ulimcheza kidogo. Oberholt peke yake ndiye hakucheka, na sikio lake la kushoto, lililokuwa karibu na Harlan, lilikuwa jekundu.

"Swali la mwisho," Oberholt akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Vituo ishirini na tisa. Wakimbiaji wanasimama kituo cha kwanza, wanamtazama Broussard, na wanajua saa ya kukimbia kama walioambiwa. Kwa nini? Uliandika kwenye daftari lako mwenyewe, Bwana Purvis, mwezi wa nane. Nimelisoma. Jibu hilo tu. Bila dawa, bila sifa, bila ukucha."

Harlan akailegeza tai shingoni.

Hilo hakuwa amemwambia Lonnie. Aliligundua Agosti, timu inapigania nafasi, na Lonnie yuko katika majuma mazuri kuliko yote maishani mwake. Harlan alijua kwamba mrushaji akianza kufikiria kichwa chake anasahau mkono wake. Akaona alinyamazie, atamwambia wakati wa baridi watakapokuwa wawili, kwa utulivu, na mkate wa Earlene mezani. Wakati wa baridi ukaja na kesi, na amri ya kutozungumza. Sasa alikuwa anatakiwa kulitoa hapa, mbele ya wageni na majedwali, alitumie kama fimbo.

"Bwana Purvis?" mwenyekiti akasema kwa upole.

"Kichwa chake," Harlan akasema. Hakumtazama Oberholt, alimtazama Lonnie. "Mkimbiaji akiwa kituo cha kwanza, Lonnie humtazama kwa juu ya bega. Akimtazama mara moja, huenda atarusha kule kumkamata. Akimtazama mara mbili, basi, hatarusha tena kule. Lazima arushe mbele kwa mpigaji. Hajakosea hata siku moja. Mara mbili, wanakimbia."

Lonnie alinyanyuka nusu. "Unajua tangu lini?"

Bermea akamvuta koti. "Kaa, kaa, hutakiwi kusema."

"Namuuliza kocha wangu. Tangu lini?"

"Agosti," Harlan akasema.

"Agosti!"

"Bwana Broussard," mwenyekiti akasema, "tafadhali." Lonnie akakaa, lakini uso wake ulikuwa umejifunga kabisa, na Harlan alimjua vya kutosha kutambua kwamba haikuwa hasira ya kupita.

"Inatosha," Oberholt akasema, amefurahi. "Asante, keti."

Harlan hakuketi. Hakuwa anakaidi, wala hakuwa na ujanja. Ni miaka thelathini na mmoja tu iliyomshika magoti. Asingeweza kumwacha mtu anayerusha mpira na kosa peke yake kichwani, hata kama mtu huyo hatamsemesha tena mpaka anaingia kaburini.

"Dawa yake ni mchana mmoja," akasema, na alikuwa anasema na Lonnie, si na chumba. "Hesabu kimoyomoyo. Leo mara moja, kesho tatu, usifanane na jana. Ndoo moja ya mipira, umepona. Na kosa la kukuficha si lako, ni langu. Nilihofia kukuharibia mkono, nikakosea."

"Bwana Purvis, keti!" Oberholt akasema.

"Na jema," Harlan akasema. "Nimefundisha warushaji mia mbili na zaidi. Wako waliopata tuzo, wako wenye nguvu kumshinda huyu. Lakini siku nikiambiwa nichague mmoja, arushe mpira mmoja tu, na riziki yangu yote iko juu ya mpira huo, namchukua huyu. Hata leo. Hata akiwa amenuna hivyo. Sasa nimemaliza, bosi."

Akaketi. Mwenyekiti aliandika kitu kirefu. Lonnie alikuwa anatazama donati.

Walipotoka koridoni, Oberholt alimsogeza ukutani. "Nilikuleta umkate, wewe umempaka asali! Unajua umefanya nini? Unajua?"

"Nadhani najua, bosi."

Lonnie akapita hatua mbili kutoka kwao, na wakala wake akimpigapiga mgongo kwa furaha. Hakugeuza shingo. Alipita kama anapita nguzo. Harlan alifungua mdomo, akakumbuka amri, akaufunga. Alirudi chumbani, akaivua ile tai kwa kuivuta kichwani bila kuifungua, akampigia Earlene. Akamsimulia yote, na safari hii hakukatizwa.

"Ulichomwambia ni kweli?" Earlene akauliza.

"Kweli tupu. Kilichochelewa ni kweli, na cha mwisho ni kweli."

"Basi mwache. Yule si mtoto. Kula kitu."

Kesho yake, saa sita mchana, Oberholt alipiga simu.

"Tumeshindwa," akasema. "Milioni sita na laki nne. Wasuluhishi hawatoi sababu, ndiyo sheria yao. Lakini mimi sababu ninayo, nilikaa nayo kiti kwa kiti."

"Pole, bosi."

"Usinipe pole! Jumatatu nenda uwanja wa mazoezi, ukafundishe. Ofisini kwangu sikutaki, na chumba kama kile usikanyage tena maisha yako. Umenielewa? Kamwe!"

"Nimekuelewa."

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa adhabu. Harlan alikuwa anaomba jambo hilohilo miaka mitano, aachwe uwanjani asiitwe ofisini. Ila alikata simu akakaa palepale kitandani bila raha hata kidogo, maana uwanja wa mazoezi una Lonnie ndani yake.

Jumatatu jua lilikuwa zuri, nyasi zimekatwa, na vijana wenye namba mpya migongoni wanakimbia huku na huku wakichekana vitambi vya likizo. Harlan alijipangia kwenye tuta la mwisho kabisa, karibu na uzio, na ndoo yake ya mipira na mfuko wa mbegu za alizeti za kutafuna. Habari zilishafika. Mdakaji mmoja alipita akamwita "Mheshimiwa Shahidi." Mwingine akaomba aje amtetee kwa mkewe. Harlan alitabasamu nusu, akatema ganda, akaendelea kutazama lango.

Lonnie alikuja saa nne, glavu kwapani. Alisimama upande wa pili wa ndoo. Hakusalimu.

"Mara mbili, eh?" akasema.

"Mara mbili."

"Nimeangalia mikanda ya video Jumamosi nzima. Ishirini na tisa wote. Kocha, hata yule mnene wa Pittsburgh kaniibia. Yule hajawahi kukimbia hata moto!"

"Nilimwona. Niliona aibu kwa niaba yako."

"Ulipaswa kuniambia Agosti."

"Nilipaswa. Sina la kujitetea, mwanangu. Ukitaka kufundishwa na mwingine, yupo yule wa benchi la akiba, ni mzuri, sitakuchukia. Najua neno langu kwako..." Akainama akapanga mipira ndani ya ndoo, mipira ambayo haihitaji kupangwa.

"Neno lako," Lonnie akasema. "Ngoja nikwambie kuhusu neno lako, maana hujui. Misimu sita nimekusikiliza. Makosa yako nimeyaamini yote. Dawa zako nimezinywa zote. Lakini sifa zako, kocha, sijawahi kuamini hata moja."

Harlan akainuka. "Hata moja?"

"Hata moja! Ningeziaminije? Unampa kila mtu. Unamsifu hata mwamuzi. Unasifu ukoko. Yule jamaa aliyefukuzwa ulimsifu viatu, kocha! Nikitoka uwanjani nimeshinda, unaniambia 'mkono mzuri leo,' nasema moyoni, haya, viatu hivyo. Mechi kumi na saba nimeshinda, nikilala najiuliza, hivi mimi ni mzuri kweli, au ni zamu yangu tu ya kuambiwa?"

"Lonnie."

"Kwani unadhani kwa nini nilikataa kupatana nao? Bermea alitaka tugawane katikati, tumalize Januari. Hela ni hela, sikatai, bibi yangu anataka nyumba yenye veranda. Ila nilitaka mtu aseme. Watu watatu wasionijua, wasio na sababu ya kunibembeleza, waseme. Wamesema, na nimefurahi, nimekula, nimelala. Lakini si wao walionitoa machozi garini."

Harlan hakuthubutu kuuliza ni nani.

"Walikulipa uniseme vibaya," Lonnie akasema, na sasa alikuwa anatazama chini, anachimba nyasi kwa kiatu. "Bosi wako amekukalia sikioni. Kazi yako iko hatarini. Ulikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na bado ikakutoka. Mtu hasemi uongo hivyo, kocha. Wewe kwanza uongo hujui, ulisema 'wa klabu, mama,' chumba kizima kikacheka." Akajifuta pua kwa glavu. "Kwa hiyo ile ya mwisho. Mpira mmoja, riziki yako yote. Pale ulikuwa mbele ya wasuluhishi. Sasa tuko kwenye nyasi, hakuna anayeandika. Ni kweli?"

"Ni kweli," Harlan akasema.

"Mia mbili wote?"

"Mia mbili na kumi na wanne. Niliwahesabu usiku wa kuamkia kesi. Nilikuchagua kabla sijamaliza kuhesabu."

Lonnie alitikisa kichwa, akacheka, machozi yakamtoka kabisa sasa wala hakuyaficha, akaokota mpira wa juu kwenye ndoo na kupanda tuta. Kule mbele mdakaji alichuchumaa, akapiga ngumi ndani ya glavu yake. Harlan alikwenda kusimama kituo cha kwanza, awe ndiye mkimbiaji, miaka sitini na mitatu na magoti yake yote. Lonnie akamtazama kwa juu ya bega mara moja. Akamtazama mara ya pili. Harlan akaanza kutimua mbio. Lonnie akamtazama mara ya tatu, akageuka, na mpira ukafika kituo cha pili Harlan hajamaliza hata hatua ya nne.

Harlan alisimama katikati ya njia, anahema, mikono magotini. Uwanja mzima ulikuwa unamcheka, wa benchi, wa lango, hata mkata nyasi. Akafungua mdomo.

"Haya," Lonnie akamwambia kutoka juu ya tuta, "kosa?"

Harlan alitafuta. Alitafuta kwa dhati, kwa uaminifu wa miaka thelathini na mmoja, bega, kiwiko, nyonga, kidole.

"Sina," akasema. "Ulikuwa mzuri tu."

Na Lonnie akaamini.